Chupa ya Mama

Muuguzi alipofungua dawa ya mjukuu wangu, harufu yake chungu ilinirudisha utotoni, kijijini Mwakirunge. Siku hizo dawa ilipatikana zahanati ya Kisauni, mwendo mrefu wa miguu, na kila mtu alikwenda na chupa yake ya kutilia dawa.

Dada yangu alishikwa na homa kali. Mama akatoka alfajiri na chupa, akatuacha na bibi, aliyekuwa akimkanda dada kwa kitambaa cha maji. Mchana dada alifumbua macho, akautazama ukuta.

"Mama anavuka kijito," akasema. "Maji yamemfika kiunoni. Babu amemshikia chupa."

Mkono wa bibi ulisimama. Babu tulikuwa tumemzika kabla ya Ramadhani.

"Sema bismillahi, mwanangu," bibi akanong'ona.

Jua lilipoinama mama aliingia, buibui limelowa hadi kiunoni, chupa imejaa dawa. Dada alimeza kijiko, akakunja uso. Kufikia magharibi aliomba uji.

Bibi alichota maji kwa kata, akatoka nayo mlangoni.

"Ahsante, bwana," nilimsikia akisema. "Sasa kapumzike."

Aliporudi ndani kata ilikuwa tupu, na mchanga wa mlangoni ulikuwa mkavu.