Usingizi wa Mama Unavyokula Umeme

Mume wangu hana ulimi wa kupunguza wala kuongeza. Nikivaa gauni jipya nikamuuliza limenikaaje, atazunguka nyuma, akune kidevu, kisha aseme, "Limebana kiunoni." Mtu wa namna hiyo humtumi kupeleka salamu. Lakini idara ya maji inampenda, maana kazi yake ni kupima umeme unaoliwa na pampu za mji mzima: kila pipa la maji linalofika kwenye matangi limekula umeme kiasi gani. Anabana waya kwa kifaa chake kama koleo, anasoma mita ya maji, anagawanya, basi. Mbele ya hesabu hiyo hakuna shemeji wala mjomba.

Sasa mwaka huu pampu ya kule mlimani ikaonekana mlafi. Pipa moja la pale lilikula umeme wa mapipa mawili ya kwingine. Mkubwa wa idara akawaka: mhudumu wa pampu ile ama mzembe ama mwizi, na ikibainika ni yeye, afungashe virago. Mhudumu mwenyewe ni baba yangu. Na nyumba wanayokaa yeye na mama, ukuta kwa ukuta na chumba cha pampu, ni ya kazi. Jamani, roho ilinipaa.

"Unakwenda kumpima baba yangu?" nikamuuliza mume wangu.

"Nakwenda kupima pampu."

"Pampu ina mke? Pampu itahamia wapi?"

Akaendelea kufunga kamba za viatu. Nikapanda naye mlimani, nimenuna njia nzima.

Tatizo aliliona mara moja. Valvu ya bomba la kupandishia maji ilikuwa imefungwa nusu. Pampu inahangaika kusukuma, maji yanapita kidogo, umeme unateketea bure.

"Baba," akauliza kwa adabu, "hii valvu vipi?"

Baba akaanza kuifuta pampu kwa kitambaa, nayo ilikuwa inang'aa tayari. "Aa, mwanangu... hilo muulize mama yako."

Kumbe bomba linapita kwenye ukuta wa chumba chao cha kulala, na vishikizo vyake vimelegea. Valvu ikifunguliwa yote, ukuta unatetemeka, vikombe vinagongana kabatini, mama halali. Na mama asipolala, hakuna anayelala.

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayekula umeme?" Mama alimvaa mkwewe, mikono kiunoni.

Mume wangu akakuna kidevu. Nikamkanyaga mguu. Wapi!

"Ndiyo, mama," akasema. "Lakini kulala ni haki yako. Kosa ni la bomba. Lingefungwa vizuri ukutani, au lingehamishwa, valvu ingefunguliwa yote."

Nilitamani ardhi ipasuke. Na hapo hapo gari la mkubwa wa idara likaingia getini. Habari za bomba hakutaka hata kuzisikia. Alitaka mtu.

"Nani kafunga valvu?"

Baba alikunja kile kitambaa, akanyoosha mgongo kama anayesubiri sindano. Mume wangu akafungua mdomo, nami najua mdomo ule ukifunguka hutoka nini. Nikafumba macho.

"Mimi," akasema mama.

Mkubwa akamtazama, akalitazama gurudumu la valvu, chuma kipana kuliko sinia. "Mama, wewe umelizungushaje hili?"

"Kwa mdomo. Nilisema, nikasema, nikasema, likazunguka."

Mkubwa akamgeukia mume wangu. "Ni kweli?"

"Kweli kabisa," akajibu, na siku hiyo nilimshukuru Mungu kwa kunioza mtu asiyejua kudanganya.

Mama akamsogelea mkubwa wa idara mpaka mkubwa akarudi nyuma hatua moja.

"Haya," akamwambia. "Nifukuze kazi."