Siku Chelezo cha Binti Yangu Kilipopata Meli

Nilipofika Uswidi kutoka Uganda, mkimbizi mwenye elimu ya sekondari tu, nilifundishwa kuchomelea vyuma katika kiwanda cha meli. Tulikuwa wengi mno; saa ya kahawa foleni yetu ilipinda kona. Kisha kazi ya kujenga meli ikaanza kuhamia Asia, mpaka tukaambiwa kwamba meli iliyokuwa juu ya chelezo, jukwaa la kuundia, ndiyo ya mwisho. Tuliimaliza vizuri, tukaiteremsha majini, tukarudisha kofia zetu. Mimi nikaenda kufanya usafi uwanja wa ndege hadi nikastaafu.

Tangu kiwanda kilipofungwa nikawa mhubiri wa mazishi yake. Kila aliyetutembelea mtaani kwetu Alby alinisikia: Ulaya haitajenga meli tena. Binti yangu alipotaka kujifunza kuchomelea, nilimkatalia mbele ya wageni, nikamsukumia uuguzi katika chuo cha Flemingsberg. Alisoma kidogo, akaacha, akajifunza alichokitaka bila kuniuliza. Kwa muda mrefu tulibaki kusalimiana tu. Kosa hilo lilikuwa langu, si la Asia.

Majira ya kuchipua yaliyopita alinipigia simu. Kiwanda kidogo anachofanyia kazi, kule visiwani, kilikuwa kimetoa injini ya dizeli katika kivuko cha zamani na kuweka betri. Wenye kivuko walikuwa wanakuja kukijaribu. Wakiridhika, kiwanda kingepewa kujenga kivuko kipya, cha kwanza baada ya miaka mingi. Wasiporidhika, kazi ingekwenda nje na lango lingefungwa.

"Familia zimealikwa," alisema. "Njoo, Baba. Lakini usiniletee matanga."

Nilikwenda na jirani yangu Mkongo. Ndani ya treni akanitazama suti.

"Mzee, leo unakwenda kuzika ama kubatiza?"

"Sijui bado."

"Bon. Basi acha macho yaongee, mdomo upumzike."

Binti yangu alitupokea kivukoni, akatuteremsha chini ya sitaha kutuonyesha mabamba aliyoyaunga kwa mkono wake. Nilipapasa mshono mmoja. Alikuwa amechomelea kipande huku, akaruka, akachomelea kule, ili joto lisikunje bamba.

"Nani alikufundisha kurukaruka hivi?"

"Wewe. Ulikuwa ukieleza kila ulipolalamika."

Jirani yangu alicheka mpaka akapanda juu kutafuta hewa.

Nikabaki nikisubiri injini. Zamani meli ikiamka uliisikia magotini kabla ya masikioni. Nilisubiri. Nyayo zangu kimya, ukuta kimya. Nikaelewa kwamba kivuko kimegoma, na wakubwa wako juu wanatazama. Moyo uliniuma kwa ajili yake kuliko ulivyoniuma siku ya kurudisha kofia. Nikamshika bega.

"Pole, mwanangu. Umefanya kazi safi. Mashine ikikataa, imekataa."

Aliniuliza kwa Kiswidi ninasema nini. Kabla sijajibu, jirani aliita kutoka ngazini: "Mzee, panda uone. Nyumba zinatembea."

Nilipanda. Gati lilikuwa mbali nyuma yetu, watu wake wadogo kama vidole. Tulikuwa katikati ya maji, na kahawa kwenye vikombe vya wageni haikutikisika hata kidogo.

"Umenipa pole tukiwa safarini," binti yangu alisema, akifuta machozi ya kicheko.

Aliegemea ukingo akanieleza kwamba betri haingurumi kama dizeli. Meli kubwa za mizigo huenda zisirudi Ulaya. Lakini vivuko kama hiki, meli za watalii na zile za kuvunja barafu zinahitaji ufundi wa aina nyingine, na ufundi huo bado upo. Safari hii nilisikiliza hadi mwisho.

Mwanamke mwenye koti la njano, mkubwa wa wenye kivuko, alikigeuza, akakisimamisha ghafla, akakirudisha kinyumenyume. Tulipofunga kamba gatini, alizungumza na msimamizi wa kiwanda kwa muda mrefu. Binti yangu aliacha kucheka. Kisha yule mwanamke akanyoosha mkono, msimamizi akaushika kwa mikono yote miwili.

Wafanyakazi wakakimbilia nyundo. Wachomeleaji hushangilia hivyo, kwa kugonga chuma. Kiwanja kizima kikalia kama kengele za Pasaka. Binti yangu akanitilia nyundo mkononi.

"Tumepata, Baba. Gonga."

Niligonga mpaka tai ikahamia mgongoni, na jirani yangu ndiye aliyelazimika kuninyang'anya nyundo ili tuwahi treni.