Nilivyofagia Kichaka cha Pongo

Hasira bado ninazo, na sehemu kubwa najikasirikia mwenyewe.

Mimi ni mwenyekiti wa kikundi kidogo hapa Nandagala. Tulipata ruzuku ya kutunza kichaka cha chemchemi, wanyama kama pongo na kanga wapate pa kujificha. Mzee Masanja, mfugaji aliyehamia kutoka Usukuma, nilimgombeza kila wiki kwamba ng'ombe wake wasikanyage pale. Hata siku ya ugeni wa mradi nilimwita makusudi, asemwe mbele za watu.

Jana yake niliwakusanya wanakikundi na mafyekeo. Sisi ni wakulima wa korosho. Chini ya mkorosho pakiwa na majani, jirani anakuita mvivu. Nikamfokea kila aliyezembea. Tukafyeka, tukachoma, tukafagia mpaka kuku angeonekana kutoka barabarani.

Dada wa mradi alishuka kwenye gari, akatazama huku na huku.

"Mwenyekiti, kichaka kiko wapi? Ruzuku ilitolewa kiachwe kiote. Nani amekimaliza?"

Badala ya kunyamaza, nikapandisha hasira na kumnyooshea kidole Masanja.

"Ng'ombe wa huyu. Nimemwonya mpaka nimechoka."

Wanakikundi wote wakainamisha macho. Masanja akachuchumaa, akapitisha kidole taratibu kwenye mistari ya fagio mchangani.

"Mwenyekiti," akasema, "ng'ombe wangu wanakula majani, sikatai. Lakini kufagia sijawafundisha."