Kibuyu Kililala Gesti

Mji ule niliuchukia kabla sijauona, na nilipouona nikaudharau zaidi. Naanza na hilo ili anayesoma ajue mimi naegemea wapi. Nitajitahidi kusema haki, lakini shule yangu ni ya darasa la saba na hasira yangu ni ya zamani, kwa hiyo panapoonekana nimeonea, huenda kweli nimeonea.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi, wale waliovuka mto kutoka Rwanda wakajaza vilima vya Ngara kwa maturubai ya bluu. Mimi nililima Nyarubungo, upande wa Biharamulo, na mke wangu kwao ni Ntobeye, Ngara. Kando ya kambi, barabarani, palikuwa pameota mji mahali ambapo juzi tu palikuwa pori la nyati. Habari zake zilikuja na kila lori. Kuna taa za rangi, kuna kamari, kuna bia baridi, kuna wanawake wanaocheka na madereva. Mke wangu katika habari zote hizo alisikia moja tu, kwamba mkungu wa ndizi pale unapata bei ambayo kwetu haijawahi kutajwa. Akasema atapanda lori na mikungu yetu siku za soko. Mimi nikasema mwanamke akilala mji ule harudi kama alivyokwenda. Akaniuliza, "Nani kakwambia nitalala?" Nikarudia lile lile kwa sauti kubwa zaidi. Kesho yake alifunga kitenge chake, akaenda kwao.

Kwetu mke akirudi kwao hafuatwi mikono mitupu. Unapeleka pombe ya ndizi, uliyoikamua nyumbani kwako, ndani ya kibuyu kilichojaa mpaka shingoni na kuzibwa kwa jani la mgomba. Kibuyu kisichojaa ni tusi. Maana yake umekunywa njiani, au umeuza, au huyo mwanamke kwako si kitu cha kukamilisha. Ukifika, unakaa na mkwe, maneno yanasemwa, na mwisho binti mwenyewe ndiye anayeleta mirija ya kunywea. Akileta mirija, mnarudi wote. Asipoileta, unashukuru na unaondoka, na watu wa njiani wanajua.

Rafiki yangu aliyepaswa kwenda kunisemea aliugua malaria. Nikaenda peke yangu, koti la harusi mgongoni, kibuyu nimekifunga kwenye keria ya baiskeli kama mtoto mchanga. Kwenye msitu, kwa sababu ya majambazi, nililipia mimi na baiskeli tukapandishwa lori la mahindi ya wakimbizi, katika msafara. Lori likatushusha pale mjini alasiri. Kufika Ntobeye ningefika na giza, na mkwe haendi ukweni gizani kama mwizi. Kwa hiyo ilinibidi nilale mji ule ule niliomkataza mke wangu.

Jambo la kwanza niliona vilima. Vilikuwa vimenyolewa. Mti haukubaki hata wa kufungia mbuzi, vumbi jekundu linapanda na kushuka lenyewe. Hapo katikati ya jangwa hilo ndipo walipojenga mabati mapya yanayong'aa hadi macho yanauma, na kila banda limejipa jina la mji wa Ulaya, limeandikwa kwa rangi tatu. Nje bendera za plastiki, nyuma mtaro unanuka. Nilijiambia, huu ni mji uliopaka mafuta bila kuoga.

Wakimbizi siwasemi. Wao hawakuja kwa kupenda, na wengi wao mjini pale walikuwa wanapita tu na kuni kichwani. Mji ulikuwa wa watu wetu, waliotoka Mwanza, Kahama, Bukoba, na wengine Biharamulo kwetu, nisiwafiche.

Nikaomba maji kwenye banda la kwanza. Mwenye banda akanionyesha vikombe vilivyopangwa, na bei. Sijawahi kununua maji ya kunywa maishani mwangu. Kwetu hata mtu mliyegombana naye, akiomba maji unampa, halafu mnaendelea na ugomvi. Nikanunua, kiu haina heshima. Yalikuwa ya uvuguvugu.

Pembeni, karibu na malori, palikuwa na mama mmoja wa makamo anakung'uta majani ya mgomba kutoka kwenye tenga lake. Alikuwa ameuza ndizi zake karibu zote. Nikamwamkia, nikamuuliza wanaouza ndizi huwa wanalala wapi. Niliuliza, nakiri, nikitamani jibu baya.

"Kulala? Hapa?" Akatema mate vumbini. "Kaka, wewe umetoka wapi?"

"Nyarubungo."

"Mimi natoka Runazi. Haya malori yakishusha mahindi yanarudi matupu, na msitu haupitwi usiku. Kwa hiyo yanaondoka jua likiwa juu, na sisi humo humo. Taa zao zikiwaka, mimi nimeshauvuka msitu, nasinzia." Akakitazama kibuyu, akalitazama na koti. "Unakwenda kumfuata mwenzio?"

"Ndiyo."

"Alikosa nini?"

"Alitaka kufanya kazi hii yako."

Mama yule alicheka mpaka akashika ubavu. Alipomaliza akanipa ndizi mbili mbivu zilizobaki chini ya tenga, hakutaka kitu. Akapandishwa kwenye lori na wenzake, wanawake peke yao, wanavutana mikono na kutaniana, na lori likaondoka. Nilibaki na ndizi zangu. Zilikuwa tamu, na zilinikera.

Nikatafuta gesti. Msimamizi wake alikuwa kijana mwenye kalamu sikioni.

"Wewe unalala, bei ni hii. Baiskeli inalala, bei yake hii."

"Na kibuyu?"

Akafikiri kidogo. "Kibuyu kinalala wapi?"

"Chumbani, na mimi."

"Basi na chenyewe ni mgeni."

Nililipia wageni watatu. Ukuta wa chumba ulikuwa wa maboksi, jirani akijigeuza nami najigeuza.

Jua lilipozama jenereta ikakohoa, na taa zikawaka zote kwa pamoja, nyekundu, kijani, manjano, zimefungwa hata kwenye paa la choo. Watu wakapiga makofi! Watu wazima, wanaipigia makofi taa ya choo. Nilikibeba kibuyu, maana kukiacha niliogopa, nikaenda kuona hiyo kamari inayosemwa. Nilijiambia naenda ili niweze kuidharau kwa ushahidi.

Lilikuwa banda refu la mabati. Ukutani palikuwa na gurudumu la baiskeli lililozungushiwa misumari na namba, na ulimi wa kipande cha tairi. Mtu anaweka hela kwenye namba, gurudumu linazungushwa, trrrrr, linasimama kwenye namba ya mwingine. Juu zilining'inizwa zawadi, redio moja iliyofunikwa nailoni, vitenge, makopo ya mafuta ya msaada. Nilichowaza mimi ni baiskeli ya nani iliyobaki na mguu mmoja. Mwenye gurudumu alivaa miwani ya jua ndani ya nyumba, usiku. Aliponiona tu akapaza sauti.

"Karibu, mzee wa kibuyu! Jamani mpisheni, huyu ana mke ukweni!"

Banda zima likageuka. Sijui alijuaje. Labda mwanaume mwenye koti na kibuyu kilichozibwa, peke yake, ana njia moja tu duniani.

"Mzee, wakwe wa siku hizi wanataka ya chupa. Weka kibuyu hapa, zungusha mara moja. Ukishinda unaondoka na kreti nzima ya bia. Mama mkwe mwenyewe atakubeba mgongoni!"

"Na nikishindwa?"

"Ukishindwa si bado una koti?"

Walicheka, na mimi nilikaribia kucheka. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyopaswa kusimama. Kreti ilikuwa pale pale, chupa zinatoa jasho la ubaridi, na kwa kitambo nilimwona mkwe wangu akizipokea. Halafu nikakumbuka kwamba pombe ile ya chupa ingekuwa imekamuliwa na mtu nisiyemjua, ndani ya nyumba ambayo mke wangu hakuwahi kuifagia. Nikasema siwezi. Wakanizomea.

Kabla sijatoka mzee mmoja mkimbizi aliweka blanketi lake, akashindwa. Mwenye miwani akalipokea, akalikunjua watu wote walione, akalining'iniza juu pamoja na zawadi. Nikasema moyoni, huyo ndiye mtu mwenyewe, huo ndio mji wenyewe. Lakini mzee alipofika mlangoni yule bwana alimwita, akamrushia blanketi lake. "Chukua, babu. Huko kwenu kuna baridi." Sikupenda kuliona jambo hilo, kwa kuwa liliniharibia. Nimeliandika kwa sababu lilitokea.

Nilirudi gesti. Niliogopa wezi, nikalala nimekipa kibuyu mgongo, nimekibana na ukuta, koti sikulivua. Tena nilikuwa nimeongeza jani jingine kwenye kizibo na kulikaza kwa kamba. Hapo ndipo akili iliponitoka. Pombe changa ya ndizi inapumua, kila mtoto wa kwetu anajua, na chumba kile cha mabati kilikuwa kama chungu jikoni. Nilipoamka jani lilikuwa limesukumwa nje, na mgongo wangu wote umelowa. Kibuyu kilikuwa kimeshuka kutoka shingoni hadi mabegani.

Maji ya kufulia yaliuzwa pia. Nikayanunua, nikasugua koti, harufu ikabaki. Nikapanda baiskeli.

Ntobeye nilifika mchana. Mkwe wangu alikuwa amekaa barazani. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba, nikakaa mbali kidogo kama inavyotakiwa, lakini upepo haukukaa mbali. Niliona pua yake ikifanya kazi.

"Mwanangu, umelala wapi?"

Ningeweza kutaja kijiji chochote. Nikautaja mji ule.

Akakipokea kibuyu, akakipima mkononi, akakitikisa. Kilijibu mapema mno. "Hiki hakikujaa."

"Kilijaa, baba."

"Sasa binti yangu ulimkataza nini? Uende wewe?"

Nikamweleza yote, kuanzia maji ya kununua hadi taa ya choo, hadi gurudumu. Nilisema ni mji wa hovyo, hauna hata aibu ya kuficha mtaro wake, na nikaona anakubali kwa kichwa. Pale ningeweza kuishia, na ningekuwa nimeshinda shauri. Lakini yule mama wa Runazi alikuwa bado ananikera kama mbegu kwenye jino. Nikasema, "Ila wanaouza ndizi hawalali pale, baba. Wanarudi na malori kabla ya giza. Nimewaona kwa macho yangu."

Mkwe alikiweka kibuyu chini. Kutoka upande wa jikoni mke wangu akatokea. Kumbe alikuwa anasikia tangu mwanzo. Hakunisalimu. Alinizunguka, akainama nyuma yangu, akanusa koti. Halafu akaja mbele, akanisogelea usoni karibu kabisa, mbele ya baba yake, akanusa tena. Nilitamani ardhi inimeze.

"Baba, mlevi hunuka mdomo," akasema. "Huyu ananuka mgongo. Koti ndilo lililokunywa."

Mkwe wangu aliangua kicheko, akajaribu kukizuia, kikamshinda. Mke wangu akaingia ndani. Nilisikia anapekua mahali, muda mrefu, nadhani kwa makusudi. Akatoka na mirija.

Alikuwa na sharti moja, na mtu yeyote anaweza kulibuni. Nikalikubali.

Kesho yake tulipita tena mji ule kwenda kusubiri lori, yeye kwenye keria, kibuyu kitupu mapajani mwake. Mchana, bila taa, ulionekana kama uso wa mtu aliyeamka vibaya. Yule bwana wa gurudumu alikuwa amekaa nje na miwani yake, anapiga mswaki.

"Mzee wa kibuyu!" akaita, povu mdomoni. "Umeshinda!"

Mimi sikumjibu, kwa kuwa watu wa aina ile sizungumzi nao. Mke wangu ndiye aliyegeuka pale kwenye keria.

"Bado!" akamwambia. "Nitakuja kukujibu siku ya soko."