Plaiwudi Zilizotoka Burundi

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa karani wa biashara Kibondo, mgeni kutoka Tanga, na Kiha nilichokijua kilikuwa cha kusalimiana tu. Siku moja mkuu wangu wa idara alirudi kutoka kikao cha mkoani na agizo: tulinganishe biashara ya plaiwudi na hadibodi kati yetu na Burundi, mwaka kwa mwaka, ionekane nani anasonga mbele.

Nilimwambia kwamba wilayani kwetu plaiwudi tunaziona kwa seremala mmoja wa Murungu, tena akipata kazi ya kanisa.

"Wewe lete takwimu," akasema. "Zisipokuwapo hapa, utazikuta mpakani."

Nikapanda lori la mahindi hadi Mabamba. Karani wa forodha pale alikuwa mtu wa kazi. Kila kilichovuka alikiandika. Madaftari yake ya zamani yalionyesha plaiwudi zikitoka kwetu kwenda Burundi kwa malori. Tangu vita vianze kule, mambo yalikuwa yamegeuka. Haikwenda hata moja, na zilizokuja zilijaza kurasa.

"Wamejenga kiwanda?" nikamuuliza.

"Sijui. Mimi naandika kinachopita."

Nje ya kituo wakimbizi walikuwa wakisubiri gari la kuwapeleka kambini. Mama mmoja wa makamo alikuwa ameegemeza plaiwudi kwenye baiskeli, watoto wake watatu wamejibanza chini ya ubao huo wakikwepa mvua. Nilimwamkia, kisha nikamwuliza, kwa adabu zote za kiofisi, bidhaa ile imetengenezwa kiwanda gani.

Akanijibu kwa Kiswahili.

"Ni dari ya sebule yangu, mwanangu. Marehemu mume wangu aliinunua Kasulu. Nyumba ilipochomwa, nikabandua kipande kilichosalia."

Nikachungulia upande wa pili. Muhuri wa kiwanda cha kwetu Tanzania ulikuwa bado unasomeka. Nilimsaidia kukaza kamba, nikarudi ndani, nikakuta karani ameshaandika: plaiwudi, moja, kutoka nje.

Mwishoni mwa ripoti yangu niliweka aya ya kueleza kwamba plaiwudi zile ni dari za watu waliokimbia. Mkuu wangu aliisoma akiwa amesimama.

"Hii ni habari ya wakimbizi. Ina idara yake," akasema, akaikata kwa kalamu nyekundu.

Ripoti ilisomwa Kasulu, kwenye kikao cha mkoa, mbele ya wakubwa, ikawahuzunisha sana. Mmoja alisema jirani zetu wako vitani na bado wanatushinda kwa viwanda, sisi tuna amani na tumelala. Wakaazimia ujumbe wa watu sita uende kujifunza. Mimi nikateuliwa katibu wake, kwa kuwa ndiye mtaalamu.

Nikanyoosha mkono, nikasema kiwanda hakipo, nimeongea na mwenye mali.

"Mwenye mali nani?" mwenyekiti akauliza.

"Mama mmoja, sasa yuko kambini."

Akanishukuru kwa mchango wangu, akatangaza mapumziko ya chai.

Ujumbe haukwenda, maana mapigano yalizidi. Mkuu wangu aliandika kwamba safari imeahirishwa hadi kiwanda kitakapokuwa tayari kupokea wageni.

Baadaye nilimtafuta yule mama kambini nimwombe radhi. Plaiwudi ilikuwa sasa mlango wa kibanda chake. Nilimsimulia yaliyosemwa Kasulu, nikitegemea atakasirika. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akawaita majirani zake na kuniomba nianze upya.