Farasi Aliyetii Firimbi

Sisi tuliokua pembeni ya Kalemie kabla pikipiki hazijawa nyingi kuliko kuku, tulijua kwamba usafiri ni kitu chenye kupe, mavi na hasira. Vijana wa leo, dereva wa pikipiki akisimama kidogo kutafuta mafuta, wanalalamika kwenye simu kana kwamba wamefiwa. Mimi nililetwa Kalemie kutoka Kongolo kwa treni, na treni yenyewe ilipumzika zaidi kuliko ilivyotembea. Ililala porini mpaka nyani wakatuzoea. Mama alipika bukari, ugali wetu, kando ya reli, tukala sombe, majani ya muhogo yaliyochumwa katika shamba la mtu tusiyemjua, na mbuzi tuliosafiri nao wakapungua mmoja mmoja. Hawakuibwa. Tuliwala.

Baba, ambaye tulimwita Papa, peke yake alikuwa na furaha. Tangu ujana wake alifanya kazi ya reli, ile ya kusimama stesheni na firimbi na kuruhusu treni ziondoke, na sasa alikuwa amestaafu. Kila treni iliposimama alishuka, akatazama mbele na nyuma, akatikisa kichwa kama daktari mbele ya mgonjwa asiye na tumaini, akapanda tena. Abiria wote waliambiwa kwamba anakwenda kupanda farasi. Mgiriki mmoja aliyekuwa anarudi kwao alikuwa amemwachia shamba dogo ng'ambo ya Lukuga, pamoja na farasi wawili.

"Mutaniona napita," Papa aliwaambia, "mutafikiri njo gavana."

Tulipofika, mlinzi wa shamba akatutolea wanyama wawili wanene, nywele zimewafunika macho, migongo yao inamfikia Papa kiunoni. Walikuwa wale farasi wafupi ambao Mgiriki aliwaleta kwa ajili ya watoto wake. Mama akatua mzigo kichwani, akawazunguka polepole.

"Papa Feza," akasema, "hawa njo farasi, ama njo watoto yao? Mama yao iko wapi?"

"Watakomaa, acha," Papa akajibu.

Hawakukua hata kidole. Lakini Papa hakuwa mtu wa kushindwa na urefu wa mnyama. Reli ilikuwa imempumzisha, yeye hakuwa ameipumzisha reli, na shamba letu likawa stesheni. Asubuhi alisimama uani na kofia yake ya kazi, bendera ya kijani mkono huu, nyekundu mkono ule. Firimbi ililia, bata wakaondoka kwenda kijitoni. Ikalia tena, mbuzi wakatoka. Bata mzinga, ambaye hakufuata firimbi ya mtu yeyote, Papa alimwita inspekta na kumwacha azunguke apendavyo. Simbilisi, wale panya wanene wa kufugwa, waliokaa jikoni chini ya meza ya Mama walikuwa abiria wasio na tikiti, na adhabu yao ilijulikana: sufuria.

Farasi dume aliitwa Rapidi, kama treni ya haraka. Jike aliitwa Omnibusi, kama ile inayosimama kila kituo. Rapidi alikufa kwenye mvua za kwanza kwa ugonjwa wa mbung'o. Kama mambo mengi ya haraka ya nchi yetu, aliishia njiani. Omnibusi akabaki, na Papa akamfundisha kwa vipande vya muhogo: akiona bendera nyekundu asimame, akisikia firimbi aende. Yule mnyama alielewa haraka kuliko sisi watoto wa shule.

Kazi zetu zilikuwa zile zile kila siku. Kukata majani yenye umande, kubeba maji, kung'oa kupe masikioni mwa Omnibusi huku anakupulizia pumzi ya joto shingoni. Jioni tuliwasha mavi makavu ya mbuzi ili moshi ufukuze nzi, nasi tukakaa ndani ya moshi huo huo tukikariri masomo, macho yakitoka machozi, Mama akisema mtoto anayelia juu ya kitabu atafaulu. Darasani tulinuka farasi. "Punda wamefika, mufungue dirisha!" wenzetu walipiga kelele. Na mchana walikuja wote shambani kuomba kumpanda huyo punda, wakaanguka, wakarudi kwao na matope matakoni na heshima kidogo. Siku hizi mtoto ana picha za farasi tele kwenye simu, lakini mbuzi akimkaribia anauliza kama anauma.

Dada yangu Feza, mkubwa wetu, alipochumbiwa na kijana wa mjini, mtoto wa watu wa bandari, maneno yakaanza. Mama mkwe wake alikuwa na sauti iliyovuka soko bila kusukumana. Alisema mbele ya wauza dagaa kwamba msichana aliyelelewa na mbuzi hana haja ya kubembelezwa. "Yule? Atajileta mwenyewe akisikia harufu ya bukari."

Lazima nieleze, maana vijana wamesahau. Kwetu bibi arusi hakwenda kwa mume kama mtu anayewahi boti. Alitembea kidogo, akasimama, akakataa. Upande wa mume ukaja kumwomba: kitenge hapa, kuku pale, sufuria mbele kidogo. Hapo ndipo akasogea. Aliyefika bila kuombwa, basi kila ugomvi wa maisha yake uliishia kwenye swali moja: "Wewe, nani alikuita?" Feza alijua hivyo. Alikuwa anachambua mchele siku Mama alipomletea maneno ya sokoni, na hakuinua kichwa.

"Hatanipata," alisema tu.

Papa ndiye aliyeleta wazo la mkokoteni. Mama akakataa: mwanawe si gunia la makaa. Lakini Feza alilipenda. Miguu ya bibi arusi, alisema, mashangazi wa mume wanaweza kuivuta, ila gari lenye Omnibusi halivutwi na shangazi yeyote. Tukalipamba kwa maua ya karatasi. Mimi nikawekwa nyuma kushikilia zawadi zitakazopatikana.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Darajani Papa akainua nyekundu, Omnibusi akasimama kama mti. Wakwe wakaimba, wakabembeleza, wakatoa kitenge. Kijani, firimbi, tukaenda. Karibu na soko tukasimama tena, nikapokea kuku wawili na sufuria. Watu walitoka madukani. Papa alitembea mbele na kofia yake, na nadhani hata gavana angempisha.

Kituo cha mwisho kilikuwa hatua chache kutoka kwa wakwe. Papa aliingiza bendera kwapani ili aongee vizuri na mikono yote miwili, akidai zawadi nzito inayolingana na mahali penyewe. Wakati huo huo binamu mmoja wa mume, kijana mwenye kiuno chepesi, akaruka katikati ya wachezaji na firimbi ya arusi mdomoni. Akaipuliza kwa nguvu zake zote.

Omnibusi akaondoka.

Tangu tulipokuja kutoka Kongolo sikuwa nimemwona akikimbia. Siku hiyo alikimbia. Papa alipunga nyekundu nyuma yetu, mashangazi wakavua viatu wakatufuata, kuku wakanitoka mikononi, Feza ameshika shela kwa mkono mmoja na ubao kwa mkono mwingine. Tukaingia uani kwa wakwe moja kwa moja mpaka kwenye bustani ya mboga za lengalenga ya mama mkwe, na Omnibusi, kazi imeisha, akaanza kula.

Mama mkwe alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

"Ehee! Si niliwaambia? Amejileta! Tena mbio!"

Majirani wakacheka mpaka wakashikana. Nilimtazama Feza. Uso wake ulikuwa wa majivu. Mama mkwe akasogea, sasa kwa sauti ya asali, maana alikuwa ameshinda.

"Shuka basi, mwanangu. Umefika."

Feza akapanga gauni lake magotini, akatazama juu ya kichwa cha yule mama.

"Nani amefika?" akauliza. "Farasi njo amefika. Miye ningali mu njia."

Kicheko kikahama upande. Mama mkwe akamwambia asilete utani, chakula kinapoa. Feza akanyoosha shela. Mashangazi wakafika wakihema, wakamshika mkono, akautoa. Omnibusi akamaliza tuta la kwanza akaingia la pili. Papa naye akafika, jasho linamtiririka, akasimama mbele ya farasi ambaye hakuwa anakwenda popote, akainua bendera nyekundu juu kabisa, kwa utaratibu.

"Mama, omba haraka!" jirani mmoja akapaza sauti. "Sasa anaingia mu vitunguu!"

Baba mkwe, mzee mpole ambaye sikuwahi kusikia sauti yake, akaingia ndani akatoka na kitenge kipya. Feza akatazama pembeni. Wakaleta mbuzi. Akapiga mwayo. Vitunguu vikaanza kwenda. Hapo mama mkwe mwenyewe akafungua kitenge cha juu alichovaa kwa ajili ya sherehe, akakitandaza ardhini ubavuni mwa mkokoteni, akapiga magoti kando yake.

"Mwali wangu," akasema, na safari hii hakuna soko lililosikia, "tafadhali ingia kwangu."

Sijaona tena mtu akishuka polepole vile.

Omnibusi aliishi mpaka nilipokuwa sekondari. Alipokufa, majirani walikuja na visu na vikapu. Papa akawafukuza, akamzika chini ya miembe na kofia yake ya reli juu ya kaburi. Shamba sasa limejaa nyumba za mabati. Mwaka jana nilipita Kalemie nikakuta binti wa Feza anaolewa. Aliletwa kwa gari la kukodi linalopiga honi, akaruka chini kabla halijasimama vizuri, akafika ukumbini kabla ya wakwe, kwa sababu mpiga picha alisema jua linaondoka. Hakuna aliyemwomba kitu. Alipiga picha na keki. Feza alikaa mstari wa mbele, mkoba magotini.

Mimi nilikuwa nimeondoka zamani, baada ya shule, siku nilipochukua boti ya Kigoma wala sikurudi tena kuishi. Feza alinisindikiza bandarini, binti huyo huyo, bado mchanga, mgongoni mwake, dagaa wakavu wamefungwa kwenye gazeti. Nikamuuliza kama siku ile juu ya mkokoteni hakuogopa kwamba wangemwacha tu pale.

"Niliogopa sana." Akamweka mtoto vizuri mgongoni. "Lakini ningeshuka, ningekuwa nashuka mpaka leo. Sasa mama mkwe akipakua bukari, ananiita kwanza. Hata kama amenuna, ananiita."

Watu walianza kusukumana kwenye ubao wa kupandia. Nilisimama, nadhani nilitaka aniambie nibaki. Akanisukuma begani.

"Panda, wewe. Hakuna mutu anakubembeleza."

Nikapanda mwenyewe, mbio, nikigombania nafasi upande wenye kivuli.