Maziwa kwa M Kubwa

Mektrida anatunza programu ya kompyuta ya ushirika wa maziwa, iliyoandikwa kwa lugha ya Perl, huko Machame. Kompyuta ya zamani ilipokufa, aliihamishia programu kwenye mpya yenye mfumo wa Linux, ikagoma: eti moduli ya Maziwa, kipande kimoja cha programu hiyo, haionekani. Lakini faili lake analiona. Akampigia mzee Sirili, aliyeiandika kabla ya kustaafu na kurudi Mwika kulima migomba.

"Shikamoo, baba. Moduli yako haipatikani."

"Marahaba. Faili umeliitaje?"

"Maziwa, kwa m ndogo, kama nilivyolikuta."

"Ndani ya programu niliandika M kubwa. Kompyuta ya zamani haikujali, Linux inajali. Badilisha jina la faili."

Akabadilisha, programu ikafanya kazi. Akashukuru sana.

"Mimi ndiye wa kushukuru, mwanangu," Sirili akasema. "Nilidhani mlishaitupa."